Fundi Mzee wa Majoreni na Wanagenzi Wake

Majoreni ni kijiji cha pwani ya kusini ya Kenya, katika nchi ya Kwale, upande wa kuelekea Vanga na mpaka wa Tanzania. Wengi wa watu wake ni wavuvi na wakulima. Mbele yao ipo mikoko na bahari, na nyuma yao minazi, mihogo na mahindi. Mgeni apitaye hapo hatazamii kusikia mlio wa chuma kinachokatwa. Lakini karibu na msikiti lipo banda la mabati, na ndani yake imo injini kuukuu ya dizeli yenye mabwana wawili. Ukanda wake ukitiwa upande wa kulia, huzungusha mashine ya kusagia unga. Ukihamishwa upande wa kushoto, huzungusha mashine ya kukerezea chuma. Injini haina nguvu ya kuziendesha zote mbili kwa pamoja, na kwa hiyo sheria ya banda hilo ni kwamba mahindi hutangulia. Wanawake wakifika na vikapu vyao, fundi hukiondoa kisu penye chuma, hurudi nyuma na kungoja, hata kama amebakiza uzi mmoja tu wa parafujo.

Fundi mwenyewe ni mzee aliyepita miaka 70, mwembamba, mwenye kidole kimoja kifupi katika mkono wa kushoto, na habari ya kidole hicho itasimuliwa hapo mbele. Ujuzi wake aliupata Ramisi. Msomaji aliye kijana huenda asijue kwamba Ramisi palikuwa na kiwanda cha sukari tangu mwaka 1927, miongoni mwa vile vya kwanza katika Kenya, na kwamba kwa muda wa miaka 60 watu wengi wa sehemu hizo walikwenda huko kutafuta riziki. Kiwanda cha sukari hakiwezi kukaa bila karakana. Muwa ukishakatwa shambani hauna subira. Kila siku unayolala, sukari yake hupungua, na magurudumu ya kukamulia yakisimama hasara huhesabiwa kwa saa. Haiwezekani kungoja chombo kiletwe kwa meli kutoka ng'ambo. Kilichovunjika jioni sharti kitengenezwe usiku huo huo, hapo hapo, kwa mikono ya watu waliopo. Hiyo ndiyo shule aliyoingia mzee huyu mwanzoni mwa miaka ya 1970, naye akiwa kijana asiye na ndevu.

Shule yenyewe ilikuwa kali. Bwana wake alikuwa fundi Kalasinga, mmoja wa watu wale ambao ustadi wao wa chuma na mbao ulijulikana Afrika Mashariki yote tangu siku za kujengwa reli. Alikuwa hodari mno, na mnyamavu mno. Mwaka wa kwanza mwanagenzi hakuigusa mashine hata kidogo. Alifagia, aliosha vyombo kwa mafuta ya taa, alichemsha chai, alishika taa usiku. Mwaka wa pili alipewa tupa na kipande cha chuma kilichobanwa katika jiliwa, akaambiwa akifanye kiwe mraba. Alipomaliza, Kalasinga alikipima kwa guni, akakiinua penye mwanga, hakusema neno, akakitupa ndani ya pipa la vyuma vibovu. Kipande cha saba ndicho kisichotupwa. Mzee husema kwamba alifurahi siku hiyo kuliko siku ya harusi yake. Na mkewe, akiwapo, husema kwamba hilo si jambo la kujisifia.

Sasa habari ya kidole. Chuma cha pua kikikerezwa vizuri hutoka utepe mrefu unaojisokota kama kamba, wenye makali kama wembe na moto wa kuunguza. Utepe huo haushikwi kwa mkono. Huondolewa kwa kijiti chenye ndoana, na mashine ikiwa imesimama. Mwanagenzi hakuwa ameambiwa hayo. Alinyosha mkono auvute, utepe ukamzunguka kidole, na mashine ikauchukua utepe pamoja na sehemu ya kidole chenyewe. Kalasinga alimfunga kitambaa, akampakia garini kumpeleka hospitali, na njiani, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, alizungumza sana. Alimweleza kila hatari ya mashine ile: kwamba mikono mirefu ya shati hukunjwa, kwamba glavu hazivaliwi kamwe mbele ya kitu kinachozunguka, kwamba ufunguo wa kukazia taya hauachwi ndani ya taya hata kwa dakika moja, kwa kuwa mashine ikiwashwa ufunguo huo huruka kama jiwe la kombeo. Mzee hukiri kwamba maneno yale yalikuwa mazuri, ila yalichelewa kwa pingili moja.

Mwaka 1988 kiwanda cha Ramisi kilifungwa. Kinapofungwa kiwanda, watu huhesabu mishahara iliyopotea na maduka yaliyokosa wateja, na ni haki kuhesabu hivyo. Lakini ipo hasara nyingine isiyoandikwa katika daftari lo lote. Mafundi waliokuwa wamesimama pamoja mbele ya mashine kwa miaka 20 hutawanyika, mmoja huenda Mombasa, mwingine hurudi kuvua samaki, mwingine hufa. Na kila mmoja huondoka na kipande chake cha maarifa, kama watu waliogawana kitabu kwa kuchana kurasa. Jambo la namna hiyo limeonekana tena katika nchi hiyo hiyo ya Kwale. Machimbo ya madini ya titani, ambayo shehena zake za kwanza zilipita Likoni mwaka 2014, yalikoma kuchimba mwezi wa Desemba 2024, na mafundi waliokwisha zoea mitambo yake ikawabidi kutafuta kazi penginepo. Mtambo ukiondoka huonekana pengo lake. Mkono ulioujua mtambo ukiondoka hauachi pengo la kuonekana kwa macho, na hapo ndipo ilipo hatari.

Yafaa ikumbukwe kwamba kazi ya kukereza si ngeni katika pwani hii. Kabla ya chuma palikuwa na mti. Matendegu ya vitanda vya Lamu na Siyu yalikerezwa kwa mkono na mafundi waliovuta uta huku na huku, kisu kikishikwa thabiti na mti ukizunguka. Mwenye kutoboa mbao za jahazi kwa keekee alitumia werevu ule ule. Na watu hao wote walijifunza kwa namna moja: mwana alipelekwa kwa fundi, akawa mwanagenzi wake, akachukua vyombo, akatazama, akajaribu, akakemewa, na siku alipohitimu alimpa fundi wake kilemba. Desturi hiyo ilikuwa na uzuri wake na ubaya wake. Uzuri ni kwamba hapakuwa na umbali kati ya jicho la mwanafunzi na mkono wa mwalimu. Ubaya ni kwamba wako mafundi waliozificha siri za kazi kama mtu afichavyo fedha, wakihofia kwamba mwanagenzi akijua yote atafungua banda lake upande wa pili wa njia. Siri nyingi zilizikwa pamoja na wenyewe kwa ajili ya hofu hiyo.

Serikali na watu wenye hisani walijaribu kuleta njia nyingine, nayo ni shule za ufundi. Kabete, karibu na Nairobi, palifunguliwa shule ya kazi za mikono kwa Waafrika mwaka 1924. Mombasa ilingoja zaidi. Baada ya mashauri baina ya Gavana Sir Philip Mitchell, Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na wengine, iliazimiwa mwaka 1948 kujenga chuo cha ufundi kwa ajili ya vijana Waislamu wa Afrika Mashariki. Jumuiya ya Mabohora na Sultani walitoa fedha nyingi, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951. Chuo hicho kilifunguliwa kwa watu wa dini zote mwaka 1966, kikapewa jina la Polytechnic mwaka 1972, na tangu mwaka 2013 ni chuo kikuu cha ufundi cha Mombasa. Kwa vijana wasioweza kufika huko, makanisa yalianzisha vyuo vidogo vya vijijini katika miaka ya 1960, vikaenea, na leo vyuo vya namna hiyo vimo mikononi mwa serikali za kaunti.

Hapana shaka shule hizi zimefanya mema makubwa. Zimemfundisha kijana mambo ambayo Kalasinga hakumfundisha mzee wa Majoreni: kusoma mchoro, kupiga hesabu ya mwendo wa mashine, kujua kwa nini chuma hiki huvunjika na kile hupinda. Tena zimemfundisha kujilinda kabla hajaumia, wala si baada. Lakini mashine ya kukerezea ni ghali, na wanafunzi ni wengi. Mara nyingi darasa zima husimama kuizunguka mashine moja, na walio nyuma huuona mgongo wa mwalimu. Hivyo kijana hutoka na cheti cha haki, alichokipata kwa jasho, naye pengine ameushika mpini wa mashine mara chache kuliko alivyoshika kijiko cha pilau katika harusi za mwaka mmoja. Si kosa lake, wala si kosa la walimu wake.

Mambo haya hayakuanza hapa. Katika Uingereza, miaka 200 na zaidi iliyopita, alikuwapo fundi aitwaye Henry Maudslay, mtoto wa watu wa hali ya chini, aliyeanza kazi akiwa mvulana katika ghala ya silaha ya Woolwich. Yeye ndiye aliyeifanya mashine ya kukata nyuzi za parafujo iwe chombo cha kuaminika. Katika karakana yake aliweka kipimo chake mwenyewe, ambacho kilitambua tofauti ya sehemu moja ya elfu kumi ya inchi, nacho aliita Lord Chancellor, yaani hakimu mkuu, kwa sababu mafundi wakibishana juu ya kipimo, rufani yao iliishia hapo. Mwaka 1829 kijana mmoja wa Edinburgh, James Nasmyth, alimwendea akitaka kujifunza. Maudslay alikuwa amekwisha apa kutopokea tena wanagenzi wa kulipa karo, kwani walikuwa wamemchosha. Ila alipoona injini ndogo ambayo kijana aliitengeneza kwa mikono yake, alimchukua awe msaidizi wake, akamweka kando yake kazini. Nasmyth huyo baadaye alibuni nyundo ya mvuke. Mwingine aliyefanya kazi kwa Maudslay, Joseph Whitworth, ndiye aliyetoa mwaka 1841 kanuni ya nyuzi za bolti na nati, ili bolti ya mji mmoja iingie katika nati ya mji mwingine. Mashine ya Majoreni, kwa kuwa ni ya zamani, bado hukata nyuzi kwa kanuni hiyo ya Whitworth, yenye pembe ya digrii 55. Na nyuzi za mili za siku hizi zina pembe ya digrii 60. Mvuvi asiyejua tofauti hiyo hulazimisha nati kwa spana, kisha hurudi akilia kwamba imekwama.

Jambo la kutazamwa katika habari ya Maudslay ni kwamba hakujenga shule. Alikuwa na karakana yenye kazi ya kweli ya kuuzwa, na vijana walisimama kando yake. Hata hivyo kusimama kando tu hakutoshi, na hilo mzee wa Majoreni alijifunza kwa uchungu.

Miaka michache iliyopita alimpokea kijana wa kijiji hicho hicho, aliyetoka chuoni na cheti chake. Alikuwa mtiifu, mwepesi wa hesabu, na mwenye haya. Siku moja alikuwa akikata nyuzi za bolti kwa ajili ya injini ya mashua. Katika kazi hiyo kisu husukumwa na mashine yenyewe, na fundi sharti akivute nje kabla hakijagonga bega la bolti. Muda wa kufanya hivyo ni mfupi kama kupepesa jicho. Mwenye mashua alikuwa amesimama hapo pamoja na mabaharia wake. Kijana alikawia. Mzee akampiga kikumbo, akaunyakua mpini, akakivuta kisu, na katika ghadhabu yake akasema mbele ya watu kwamba cheti kile kingefaa kufungia karanga. Bolti ikapona, kijana akapotea. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa, na baada ya mwezi ilisikika kwamba yuko Ukunda, anachukua abiria kwa pikipiki kwenda Diani. Mzee hakusema lo lote juu ya jambo hilo, ila watu wa nyumbani kwake walimwona akiichukua ile bolti ya kwanza, aliyoiharibu kijana kabla ya ile, akaiweka penye dirisha, na ipo hapo mpaka leo.

Mwaka uliofuata mama wa kijana huyo alikuja bandani na kapu la mahindi. Mahindi yaliposagwa hakuondoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina mwingine nyumbani, mdogo wake. Naye apenda chuma. Nitamleta, lakini kwa sharti moja. Akikosea mwambie, hata umkemee nikisikia. Usimnyang'anye mpini."

Mzee aliitazama mashine kwa muda, kisha akajibu, "Nimekubali. Nitaweka mikono nyuma."

Ahadi hiyo ilikuwa nyepesi kutamkwa. Kila fundi anajua kwamba mkono uliozoea huenda wenyewe; kuuzuia ni kazi kubwa kuliko kuutumia. Katika miezi ya mwanzo mzee alijifunga mikono kwa shuka nyuma ya mgongo, na watoto wakaja kuchungulia wakidhani amepagawa. Lakini alipokosa mikono ilimbidi atafute maneno, na alipoyatafuta aligundua kwamba hakuwa nayo. Alijua kwamba kisu kimepanda juu mno au kimeshuka chini mno, asijue kueleza amejuaje. Ilimchukua siku kadhaa kutambua kwamba huusikiliza mlio: kisu kilicho sawa na kitovu cha chuma huimba mfululizo, kilichopanda juu husugua na kulia, na kilichoshuka huacha kichuguu katikati ya uso wa chuma. Mwanagenzi naye alikuwa na yake. Siku moja alipiga hesabu kwa penseli juu ya boksi la sabuni: chuma laini chenye upana wa milimita 35, kwa kisu cha kawaida, kizunguke mara 270 hivi kwa dakika. Mzee, asiyejua hesabu hiyo, alikuwa amekwisha kutia ukanda penye kapi la kati kwa kusikiliza tu. Walipohesabu mizunguko, ilikaribiana na ile ya penseli. Walitazamana wakacheka, na tangu hapo kijana aliacha kudharau sikio, na mzee akaacha kutania penseli.

Kisha ikaja siku ya shafti ya mashine ya unga. Beringi moja ilikuwa imekufa, nayo ilipokufa ilikula shafti pale ilipokalia. Majoreni ikakosa unga. Kuipeleka Mombasa kulitaka nauli, kuvuka Likoni, gharama ya karakana na siku nyingi za kungoja, na wakati huo wanawake walikuwa wakibeba mahindi vichwani hadi vijiji vingine. Mzee alinunuliwa kipande cha chuma cha pua kwa fedha za mchango. Hapakuwa na kipande cha pili, na fedha za pili hazikuwapo. Watu wote walitazamia kwamba atafanya mwenyewe. Akamwambia kijana, "Kazi ni yako."

Wako waliomlaumu, na lawama yao ilikuwa na sababu. Ni haki gani kumfundishia mtoto wa mtu kwa unga wa kijiji kizima? Mzee alijibu kwamba Ramisi walijifunza usiku, wakati kiwanda kizima kimesimama, na kwamba mwanagenzi anayepewa chuma kisicho na thamani hujifunza kukata chuma kisicho na thamani. Jibu hilo halikuwaridhisha wote.

Beringi ya namna ile ina tundu la milimita 35. Shafti ikiwa nyembamba kuliko tundu, beringi haishiki. Shafti huzunguka ndani yake, hula, na baada ya wiki chache mambo hurudi yale yale. Ikiwa nene mno, beringi hupasuka au hukaza hata ikaungua. Basi sharti iwe 35 na sehemu moja ya mia ya milimita, au karibu sana na hapo. Unywele wa mtu ni mnene mara kadhaa kuliko tofauti inayozungumzwa hapa. Kijana alikata asubuhi nzima, chuma kikafuka moshi wa mafuta. Karibu na saa sita alisimamisha mashine, akatia maikromita, akasoma: 35 na sehemu sita za mia. Zimebaki tano za kuondolewa. Akaanza kukaza kisu kwa ajili ya mkato wa mwisho.

Mzee alikuwa ameona jambo ambalo kijana hakuliona. Chuma kilikuwa moto, kiasi cha kutoshikika kwa mkono, na chuma chenye moto huvimba. Akikata kwa kipimo kile, shafti itakuwa sawa kwa muda wa nusu saa tu. Ikipoa itakuwa nyembamba, na unga wa Majoreni utakuwa umekwenda. Mikono yake ilikuwa nyuma. Angeweza kusema, kwa maana maneno hayakukatazwa katika ahadi. Lakini alimjua kijana: angesikia, angetii, na kesho angesahau, kwa kuwa kosa lisingekuwa lake.

Wakati huo mwadhini akaadhini adhuhuri.

"Tuswali kwanza," alisema mzee. "Chuma hakitakimbia."

Walitawadha, wakaswali, wakakaa kidogo kivulini wakinywa maji. Waliporudi mzee alisema, "Pima tena kabla hujakata. Ni desturi yangu." Kijana akatia maikromita. Akaitazama, akaifuta, akaitia tena. Ilisoma 35 na sehemu nne za mia.

"Babu, chuma kimepungua."

"Hakikupungua. Kimelala. Asubuhi ulimpima mtu anayekimbia."

Kijana alishika shafti kwa kiganja, akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaondoa sehemu tatu badala ya tano, kwa mikato miwili mepesi, akingoja baina yake bila kuambiwa. Watu wa kijiji walibishana baadaye kama mzee alitumia hila au la. Wengine walisema swala si hila, kwani adhuhuri ilikuwa imeingia kweli. Mzee alikataa kuingia katika mabishano hayo.

Beringi ilitiwa alasiri. Mzee aliichovya katika sufuria ya mafuta juu ya jiko la makaa, moto mdogo tu, na ilipopata joto ikapanuka kwa kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho. Kijana aliitoa kwa kitambaa kinene, akaiteremsha juu ya shafti, ikashuka kama pete, na ilipopoa haikutoka tena hata kwa nyundo. Moto ule ule uliokuwa nusura uwaharibie kazi asubuhi, jioni ulikuwa mtumishi wao. Hapo kijana alicheka peke yake kwa namna ambayo mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na kapu, hakuielewa.

Habari ya shafti hiyo ilifika kwa ofisa mmoja wa mafunzo, naye alikuja kutazama. Alipendezwa, akasema kwamba wanafunzi wa chuoni wangeweza kuletwa kwa zamu kufanya kazi chini ya mzee, wawili wawili. Ila ipo taabu moja. Mzee hana karatasi. Asiye na cheti hawezi kuandikwa kuwa mwalimu, hata ikiwa mikono yake imetengeneza magurudumu ya kukamulia miwa. Kwa bahati njema njia ipo: Kenya ina majaribio ya ufundi, ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, ambayo mtu aliyejifunza kazini aweza kuyafanya, na siku hizi serikali imeweka pia utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata pasipo darasa. Ofisa aliacha fomu.

Jambo hilo linamsumbua mzee kuliko bolti iliyo dirishani. Si jambo dogo kwa mtu wa umri wake kwenda kusimama mbele ya mtahini aliye na umri wa wajukuu zake, na kuambiwa, haya, onyesha. Tena mtihani una mchoro wa kusomwa, wenye vipimo vya milimita, na yeye alijifunza inchi na sehemu zake za elfu. Amekwisha sema mara mbili kwamba hatakwenda. Hata hivyo baada ya swala ya isha huonekana nje ya nyumba yake, taa ikiwa katikati, kijana akichora duara na mistari katika daftari la shule na mzee akiuliza mstari huu wa nukta maana yake nini. Husemwa kwamba ni mwanafunzi mkaidi. Akikosea, hutaka kuinyakua penseli, na kijana huirudisha nyuma ya mgongo wake.

Juma lililopita aliuliza kama mashine ya mtihani hubadilishwa mwendo kwa ukanda au kwa gia. Kijana akasema ni kwa gia. Mzee akafikiri, akasema basi sikio lake litalazimika kuanza upya. Fomu ilikuwa juu ya rafu, chini ya kasha la maikromita, imejazwa nusu kwa mwandiko wa kijana. Alipokuwa akinyosha mkono aichukue, wanawake wawili walifika na vikapu, na ukanda ukahamishwa upande wa kulia.